Koplo asiyepanda feri: kisa cha kiwewe cha vita katika kliniki ya umma Mombasa

Kisa hiki kimesukwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa wanajeshi waliostaafu wanaotibiwa katika hospitali za umma. Si habari za mtu mmoja, na alama za vipimo zilizomo ni za mfano. Mgonjwa tumwite Koplo.

Ana miaka 41 na anaishi Likoni, ng'ambo ya kivuko cha feri cha Mombasa, upande wa Mtongwe, na mkewe na watoto watatu katika nyumba ya vyumba viwili. Alitumikia jeshi miaka 14 na akapelekwa Somalia mara mbili. Kenya iliingia huko Oktoba 2011, na mwaka uliofuata wanajeshi wake wakawa chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. Mkataba wake ulipokwisha alipata kazi ya usoja, yaani ulinzi, katika yadi ya makontena Miritini, zamu ya usiku, saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Hapandi feri. Kwa mtu wa Likoni hilo peke yake lingetosha kumshtua daktari, lakini hakuna daktari aliyewahi kumuuliza amefikaje kazini. Feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu. Koplo huzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, bodaboda kisha matatu, na nauli hiyo inamla karibu robo ya mshahara. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia feri ina foleni.

Katika miezi 26 alifika kwenye vituo vya afya mara saba. Mara ya kwanza ni mgongo, akapewa diklofenaki. Mara ya pili presha ilisoma 150/95, akaanzishiwa amlodipini miligramu 5. Mara ya tatu kiungulia. Mara ya nne alisema halali, akaandikiwa diazepamu ya miligramu 5, vidonge viwili usiku kwa wiki mbili. Wiki hizo mbili zikawa miezi 14, kwa sababu duka la dawa mtaani halikuuliza karatasi. Mara ya tano alishonwa kidevu baada ya kupigana na utingo wa matatu. Mara ya sita presha tena, na juu yake amitriptilini, dawa ya huzuni ambayo pia huleta usingizi. Mara ya saba alikuja na jasho la usiku, akapimwa malaria, hana.

Kila aliyemhudumia alifanya kazi yake sawasawa kwa kipande alichokiona. Mgongo ulikuwa unauma kweli, presha ilikuwa juu kweli. Kosa lilikuwa kwamba vipande saba vilikaa katika vidaftari vitatu tofauti, na hakuna aliyevitandika mezani kwa pamoja. Ukivitandika unaona mtu asiyelala, anayeshtuka, anayekasirika haraka, ambaye mwili wake unakaa katika hali ya kungoja shambulio saa 24.

Kwenye nafasi ya kazi, kadi iliandikwa "soja". Mombasa ina sanamu la askari waliokufa vitani tangu 1927. Kadi nyingi za kliniki mpaka leo hazina pa kuandika kwamba aliyekaa mbele yako alikuwa askari.

Aliyemleta safari ya nane, kwenye kliniki ya afya ya akili, alikuwa mwendesha bodaboda anayempeleka kazini, naye pia mstaafu wa jeshi. Mwenyewe alisema yeye hana shida.

Swali la kwanza

Muuguzi wa kliniki hiyo hakuanza na akili. Alianza hivi:

"Karibu, afande. Ulikuwa kitengo gani?"

Koplo alikaa wima, akajibu. Kisha akaongeza, bila kuulizwa: "Mie sina wazimu, sista. Mie silali tu."

Ukimuuliza mwanajeshi kama ana tatizo la akili, jibu ni hapana, na hapo mlango umefungwa. Ukimuuliza kuhusu kazi aliyoifanya, anajibu kwa heshima ya kazi yenyewe, na kutoka hapo unaweza kupita kwenye maswali matano ya kipimo kifupi cha kiwewe, PC-PTSD-5. Kinauliza kuhusu mwezi uliopita: umepata ndoto mbaya za tukio, au kulikumbuka bila kutaka? Umejitahidi kutolifikiria au kukwepa vinavyokukumbusha? Umekuwa macho wakati wote, ukishtuka ovyo? Umejihisi umekufa ganzi au uko mbali na watu? Umejilaumu, au kuwalaumu wengine, kwa yaliyotokea? Jibu la ndiyo ni alama moja. Alama 4 ni mpaka unaotumika sana. Ukiweka 3 utanasa wengi zaidi, pamoja na wasio na ugonjwa. Koplo alipata 5. Inachukua dakika tatu, nayo inafaa ifanyike kwenye zahanati, kabla ya kliniki ya akili, kwa kila mtu aliyewahi kuwa jeshini, polisi au GSU anayekuja na usingizi, presha isiyotulia au ugomvi.

Baada yake huja kipimo kirefu zaidi cha kiwewe, PCL-5, maswali 20, kila moja 0 hadi 4, jumla 80. Kuanzia 31 hadi 33 ugonjwa unashukiwa sana, ingawa kuuthibitisha ni kazi ya mazungumzo ya ana kwa ana. Koplo alipata 54. Kipimo cha huzuni, PHQ-9, kilitoa 16. Kile cha pombe, AUDIT, kilitoa 14, ambapo 8 tayari ni onyo. Swali la tisa la PHQ-9 linahusu mawazo ya kufa, na wengi huliruka kwa aibu. Muuguzi hakuliruka. Koplo alisema: "Siku nyingine naona bora lile gari lingekuwa langu." Alimaanisha gari la mbele la msafara wao, lililolipuliwa Somalia yeye akiwa katika gari jingine.

Hapo kazi ya siku ilibadilika. Kwanza yaulizwe mambo manne: ana mpango, ana kifaa, amewahi kujaribu, nani yuko nyumbani. Hakuwa na mpango. Kifaa kilikuwepo: panga chini ya godoro, kwa ajili ya wezi, na mfuko wa amitriptilini ya mwezi mzima. Dawa hiyo ikimezwa yote kwa pamoja huvuruga mapigo ya moyo hadi kuua. Panga likahamia kwa shemeji yake. Dawa ikawa ya wiki moja moja, mikononi mwa mke. Familia nyingi huficha jambo hili kwa hofu ya polisi, na wana sababu: kifungu 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Waambieni hivyo wagonjwa, wazi.

Mke aliitwa ndani kwa ruhusa ya Koplo. "Usiku yuwaruka kitandani apiga kelele, lala chini, lala chini," alisema. "Watoto washazoea, waendelea kulala." Akaeleza kwamba upande wa ukweni wameshamnywesha kombe na sasa wanataka apungwe majini. Kliniki inayoanza kubishana na familia juu ya majini humpoteza mgonjwa. Yaliyoombwa yalikuwa mawili tu: asiachishwe dawa, na shughuli yoyote isimkeshe. Shangazi aliyesimamia mambo hayo akakubali bila tabu.

Na kichwa? Mtu aliyekuwa karibu na mlipuko achunguzwe pia mtikiso wa ubongo na masikio: maumivu ya kichwa, kusahau, kizunguzungu, mlio masikioni. Koplo ana mlio sikio la kushoto, na akapewa rufaa ya kupimwa usikivu.

Saa moja na nusu kwa wiki

Tiba zenye ushahidi mkubwa kwa kiwewe cha vita ni za mazungumzo yanayoukabili mkasa wenyewe. Mwongozo wa Marekani wa 2023 kwa maveterani unapendekeza tatu: ile ya kuukabili mkasa hatua kwa hatua, inayojulikana kwa herufi PE, mikutano 8 hadi 15 ya dakika 90, ile ya kuchambua mawazo yaliyokwama, CPT, mikutano 12, na EMDR, ya kuukumbuka mkasa huku macho yakifuata kitu kinachosogea. Mwongozo huohuo unaziweka mbele ya dawa, na unapinga diazepamu na ndugu zake. Marekani wana hospitali za maveterani peke yake. Kenya ina Sheria ya Maveterani wa Kijeshi ya 2022, lakini mstaafu wa Likoni akiumwa usiku anakwenda hospitali ya kaunti, kwa kuwa afya iligatuliwa kwa Katiba ya 2010. Mombasa kuna kitengo cha akili Port Reitz, na kuna Hospitali Kuu ya Pwani. Bingwa akiwepo, foleni ni ndefu, na kliniki imepangwa kwa mtindo wa kuandika dawa: dakika kumi, rudi baada ya mwezi.

Mtindo huo unafaa kwa kifafa. Kwa kiwewe haufai hata kidogo. Kinachomponya Koplo ni mtu yuleyule, siku ileile, dakika 90, kila wiki, wiki 12 mfululizo. Vitu vingine vyote, dawa, bima, barua ya kazini, ni vya kuilinda miadi hiyo.

Hesabu yake si ya kutisha kama wengi wanavyodhani. Mshauri nasaha mwenye saa 20 za kuona watu kwa wiki akitenga saa 9, anabeba wagonjwa sita wa namna hii kwa wakati mmoja. Kila wiki 12 wanaingia wengine sita. Kwa mwaka ni kama 24, ukitoa likizo na mapengo ni 18 au 20. Bila kutenga, atawaona wote 20 mara moja kwa mwezi, atawasikiliza kwa huruma, na mwisho wa mwaka hatakuwa amemtibu hata mmoja. Wakubwa wa vituo husita kukubali hili kwa sababu daftari la mahudhurio linaonekana jembamba. Ni afadhali daftari jembamba.

Koplo alipewa Jumatano saa nne asubuhi. Zamu ya usiku ilikuwa kikwazo cha kwanza: mtu aliyetoka kazini saa kumi na mbili hawezi kukaa na kumbukumbu za vita saa nne bila kusinzia au kulipuka. Zaidi ya hapo, zamu ya usiku ilikuwa sehemu ya ugonjwa. Ilimwondolea haja ya kulala gizani, na ilimpa kazi ya kufanya kile ambacho mwili wake ulitaka kufanya, yaani kukesha akilinda. Kuhamia zamu ya mchana kulihitaji barua. Barua iliandikwa hivi tu: mtajwa yuko chini ya matibabu, anahitajika kliniki kila Jumatano asubuhi kwa wiki 12, na kwa sababu za kiafya inapendekezwa afanye zamu ya mchana. Jina la ugonjwa halikutajwa. Habari za afya ni siri nyeti kwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na mwajiri hana haja nayo.

Bima isitajwe mwisho kama nyongeza. Tangu 1 Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, inakata asilimia 2.75 ya mshahara, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mwajiri wa Koplo alikuwa anakata lakini hakuwa amewasilisha miezi miwili, kwa hiyo mfumo ulisoma hajalipiwa. Aliligundua siku ya dawa, dirishani, na angerudi nyumbani mikono mitupu. Hali ya malipo iangaliwe wiki moja kabla, kwa *147#, na ziulizwe kwanza huduma zipi zinalipiwa katika ngazi ya kituo hicho. Mstaafu aulizwe pia kama alichangia bima ya jeshi alipokuwa kazini. Wengi huwa na karatasi hizo kwenye sanduku na hawajazigusa.

Namna tiba ilivyokwenda

Mkutano wa kwanza ni maelezo na zoezi la kupumua polepole. Wa pili ni ngazi: orodha ya mambo anayoyakwepa ingawa hayana hatari ya kweli, kila moja na alama ya hofu kutoka 0 hadi 100. Yake ilianza na kukaa barazani akinywa kahawa huku mgongo ukiwa upande wa njia, 30. Soko la Kongowea saa sita, 45. Kusimama kwenye banda la kungojea feri katikati ya watu, 60. Kuvuka saa nane mchana, 70. Kusimama nje ya yadi wakati makontena yanapangwa, 80. Kuvuka saa moja asubuhi, watu wamebanana, 90.

Feri ilimkaba kwa sababu inafanana na nyuma ya gari alilokuwamo siku ya mlipuko: umati, chuma, moshi wa dizeli, na hakuna mlango wa kutokea mpaka mwingine akufungulie. Kwa maneno yake, "humo ndani u mzigo."

Hapa pana kosa ambalo wataalamu hufanya. Mgonjwa huambiwa avuke, anavuka, anashuka akiwa na alama 85, na kila mtu anampongeza. Kuvuka ni dakika chache tu. Hofu inapanda, kabla haijaanza kushuka feri imefika, na akili inajifunza kwamba kilichomwokoa ni kushuka. Anayefanya hivyo mara tano anazidi kuogopa. Dawa yake ni kubaki: kuvuka na kurudi bila kuondoka kivukoni, mara tatu au nne mfululizo, kama dakika 45, mpaka alama ishuke angalau nusu. Kwa kuwa nauli haipo, zoezi hili halina gharama. Asisimame ukutani, asivae miwani myeusi, asikae karibu na mlango wa mbele, na mkewe asimshike mkono baada ya safari ya kwanza. Hizo zote ni kinga za siri zinazomwambia kwamba bila hizo angekufa.

Siku ya kwanza ya saa nane mchana aliandika kwenye daftari: 75, 80, 60, 40. Chini yake: "Muuza njugu aliniuliza kama nimepotea."

Sehemu ya pili ya tiba, kuanzia mkutano wa tatu, ni kuusimulia mkasa macho yamefumbwa, kwa wakati uliopo, dakika 30 hadi 45, ukirudiwa tangu mwanzo kila unapokwisha. Simu inarekodi, na mgonjwa anasikiliza kila siku nyumbani.

Koplo aligoma. Sababu haikuwa hofu; ilikuwa siri za kazi. Mwanajeshi amefundishwa kutosema, na mtaalamu asipolijua hilo ataliita ukaidi. Suluhisho ni rahisi: tiba haihitaji jina la kambi, kikosi, idadi, njia wala silaha. Inahitaji alichokiona, alichokisikia, alichokinusa, na mwili wake ulivyokuwa. Walikubaliana kuandika "mahali" na "gari la mbele". Rekodi iliwekewa namba ya siri kwenye simu, na ikafutwa kila wiki mbele yake.

Masimulizi ya kwanza yalikuwa safi kama ripoti. Msafara, mlio, vumbi, "halafu tukaondoka." Dakika tisa. Mshauri alimwacha amalize, kisha akamrudisha: "Mlango wa gari la mbele unafunguka. Unaona nini?" Kimya kirefu. Dumu la maji la njano lilikuwa limetoboka, maji yanatiririka polepole kwenye ngazi ya gari, na yeye alikuwa anayatazama maji. Alikuwa anayatazama maji ili asimtazame mwenzake aliyemwita. Pale paliporukwa kwa maneno "halafu tukaondoka" ndipo penye moto. Kuanzia mkutano wa sita walifanya kipande hicho peke yake, mara tano au sita katika kikao kimoja. Huko ndiko lilikotoka wazo lililomkalia miaka yote, kwamba aliitwa hakwenda. Lilipotoka likaweza kupimwa: nani alitoa amri ya kubaki kwenye gari, ilikuwa sekunde ngapi, angefika na nini mkononi. Mshauri hakumwambia "si kosa lako". Angeambiwa hivyo angekubali kwa adabu na kubaki na lake.

Kazi ya nyumbani ilikwama kwa jambo dogo: hapakuwa na pa kukaa. Nyumba ya vyumba viwili, watoto watatu, rekodi ya kilio cha vita. Wiki mbili hakusikiliza hata mara moja, akaonekana mvivu. Akapatiwa nafasi uani kwa shemeji, saa kumi alasiri, na vipokea sauti vya masikioni. Ulizeni hili mkutano wa pili, msingoje wa sita.

Alama za PCL-5 wiki ya nne zilipanda, 54 hadi 58. Mgonjwa na familia waambiwe mapema kwamba huenda zikapanda kabla ya kushuka, la sivyo hiyo ndiyo wiki wanayoacha. Wiki ya nane 39. Wiki ya 12, 26. Kushuka kwa alama 10 huhesabiwa kuwa nafuu ya kweli.

Dawa, na zilipokosekana

Diazepamu iliondolewa taratibu, maana kuikata ghafla baada ya miezi 14, hasa kwa mnywaji, huweza kuleta degedege. Kutoka miligramu 10 ikawa kidonge kimoja na nusu, kisha kimoja, kisha nusu, kila hatua wiki mbili hadi tatu. Alionywa pia asizibe pengo kwa vile vinavyoitwa bugizi mtaani. Ni vya ukoo uleule. Amitriptilini ilisimamishwa. Pombe ilijadiliwa kila mkutano kwa dakika tano, na haikufanywa sharti la kuanza tiba. Kumwambia mtu aache kwanza kunywa ndipo atibiwe kinachomnywesha ni kumfukuza kwa lugha nzuri. Muguka ulikuwa mgumu zaidi: aliutafuna kazini ili asisinzie, na unafanya moyo uende mbio na usingizi ukimbie, kwa hiyo nusu ya dalili zilizopimwa mwanzoni zilikuwa na mchango wake. Zamu ilipobadilika, haja ikapungua.

Sertralini, dawa ya huzuni inayotumika pia kwa kiwewe, ilianzishwa kwa miligramu 25 wiki moja, 50, kisha 100 wiki ya tano. Siku kumi za kwanza huleta kichefuchefu na wasiwasi. Baadaye huchelewesha au kuzima raha ya ndoa, na wanaume wengi huiacha kimya kimya kwa sababu hiyo. Lisemwe siku ya kwanza, waziwazi, mke akiwepo ikiwezekana. Wiki ya saba dawa ikaisha kwenye ghala la hospitali. Sertralini ikikatika ghafla huleta kizunguzungu na mshtuko kama wa umeme kichwani, na Koplo alidhani vita vimerudi. Alihamishiwa fluoksetini miligramu 20 asubuhi, ambayo hukaa mwilini siku nyingi, kwa hiyo siku mbili tatu za kukosa hazimwangushi. Ushahidi wa sertralini kwa kiwewe ni bora, lakini kwa mtu ambaye ghala lake haliaminiki, dawa inayovumilia mapengo ina hoja yake. Ramadhani ilipoingia aliimeza wakati wa daku, bila kuharibu chochote.

Prazosini kwa ajili ya ndoto ilifikiriwa ikaachwa. Utafiti mkubwa wa maveterani Marekani wa 2018 haukuonyesha kuwa inashinda kidonge kitupu, ingawa mwongozo wa 2023 bado unairuhusu, na kwa kuwa nayo hushusha presha, kwa mtu aliye kwenye amlodipini ingeweza kumwangusha akiamka usiku kwenda msalani. Ndoto zilipungua kadiri masimulizi yalivyoendelea.

Mkewe alifundishwa jambo moja la haraka lililoleta amani kuliko vidonge: asimwamshe kwa kumgusa. Awashe taa, asimame miguuni pa kitanda, amwite kwa jina na amtajie mahali: uko Likoni, uko nyumbani. Tangu hapo hakupigwa kiwiko tena.

Mshauri aliugua wiki ya kumi na hakukuwa na wa kushika nafasi. Koplo alikuta mlango umefungwa. Kwa mtu ambaye jeraha lake ni kuachwa na kuacha, mlango uliofungwa bila taarifa si jambo dogo. Alikunywa siku tatu. Simu moja ya muuguzi siku ya nne ilimrudisha. Mapengo haya yanatabirika. Mgomo wa madaktari wa 2024 ulidumu siku 56. Kila mgonjwa wa tiba hii awe na jina la mtu wa pili, na mtu huyo awe ameonana naye walau mara moja.

Baada ya wiki 12 kuna miadi ya mwezi mmoja, mitatu na sita, na dawa huendelea walau mwaka mmoja tangu apate nafuu. Miadi ya nne iliwekwa makusudi mwisho wa Disemba. Fataki za mwaka mpya hulia usiku wa manane mjini kote, na Januari ni mwezi wa mashambulio kwenye kambi za wanajeshi wa Kenya huko Somalia: El Adde, 15 Januari 2016, na Kulbiyow, 27 Januari 2017. Picha za waliokufa hurudi kwenye simu. Koplo hakuwa El Adde, ila wawili aliolala nao hema moja walikuwepo. Mpango ulikuwa: usiku wa mwaka mpya alale nyumbani madirisha wazi ili asikie fataki na kuzitambua kwa jina, simu iwe kwa mkewe tarehe 14 hadi 16, na kliniki impigie tarehe 15.

Bado hushtuka kontena linapodondoshwa vibaya. Presha imekuwa 132/84 na amlodipini inaendelea. Anavuka na feri ya saa moja asubuhi, mara nyingi akiwa amesimama katikati, na anasema anachukia joto lake kama watu wengine wanavyolichukia. Nafasi ya Jumatano saa nne ilikaa wazi wiki moja. Ya pili yake alikuja mwendesha bodaboda, akaegesha nje, akasema ameleta karatasi za mwenzake. Hakuwa na karatasi yoyote. Muuguzi akamvutia kiti.

"Karibu, afande. Na wewe ulikuwa kitengo gani?"